Omba Kazi Kwanza, Darasa Baadaye

Ndugu yetu anapofika Marekani akiwa na nia ya kusomea unesi, ushauri wa kwanza anaopewa, iwe kanisani, msikitini au kwenye harambee, ni huu: "Anza na CNA." Ni ushauri mzuri na ninauunga mkono. Kinachoniuma ni hatua inayofuata. Anaelekezwa kwenye shule ya binafsi ambayo binamu wa fulani alisomea, anakopa dola 900 au 1,300 kwa shemeji, analipa zote siku ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba kwa kazi hii sheria ya nchi ilikwisha kupanga nani atoe pesa. Mara nyingi si yeye.

Sura hii ni ya kuilinda pesa hiyo. Nawaandikia Wakongo waliopokelewa Louisville, Des Moines au Phoenix baada ya miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale, Wakenya wa Minnesota na Lowell, Watanzania wa Houston, na yeyote anayesoma Kiswahili akiwa na kibali cha kufanya kazi mfukoni na jina la chuo cha unesi kichwani.

CNA ni msaidizi wa muuguzi aliyepewa cheti na jimbo. Ndiye anayemwamsha mzee asubuhi, anamwogesha, anamvisha, anamlisha, anamgeuza kitandani asipate vidonda, anapima mapigo ya moyo na kuandika amekula kiasi gani. Kwa sababu anamwona mzee kila siku, ndiye wa kwanza kugundua kwamba leo bibi huyu hayuko kama alivyokuwa jana. Baadhi ya watu wetu huita kazi hii kuosha wazee, na husema kwa dharau. Dharau hiyo haina msingi. Nesi ambaye hajawahi kumgeuza mgonjwa mzito kwa mikono yake ana pengo ambalo kitabu hakilizibi.

Lakini mshahara wake ni mdogo, na lazima tuseme wazi. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024, kipato cha kati cha msaidizi wa muuguzi kilikuwa dola 39,530 kwa mwaka. Cha LPN, yaani nesi wa ngazi ya kwanza anayesoma takriban mwaka 1, kilikuwa dola 62,340. Cha RN, nesi aliyesajiliwa, kilikuwa dola 93,600. Ukizitazama hesabu hizo tatu utaelewa kwa nini kila dola unayoitumia kwenye cheti cha kwanza inapaswa kuulizwa mara mbili. Pesa hiyo ndiyo karo ya somo la anatomia muhula ujao.

Sasa sheria yenyewe. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu hali ya nyumba za kulelea wazee, na picha ilikuwa mbaya: wazee wakifungwa kwenye viti, wakipewa dawa za kuwatuliza tu, wakihudumiwa na watu ambao hawakuwa wamefundishwa lolote. Mwaka uliofuata, Desemba 1987, Bunge lilipitisha mageuzi makubwa ndani ya sheria ya bajeti na Rais Reagan akaitia saini. Kwa sheria hiyo nyumba yoyote ya wazee inayopokea pesa za Medicare au Medicaid, zile bima za afya za serikali, haiwezi kumtumia msaidizi kwa zaidi ya miezi 4 kama hajafunzwa na kupimwa. Mafunzo yasipungue saa 75, na kati ya hizo saa 16 ziwe za vitendo chini ya usimamizi wa muuguzi. Kila jimbo liwe na rejista yenye majina ya waliofaulu. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza saa, na mengi yameongeza: Texas inadai 100, California 160.

Kipengele kinachokuhusu zaidi kimo kwenye kanuni zilizotungwa kutokana na sheria hiyo. Kinasema hivi kwa lugha yetu: ikiwa siku unayoanza mafunzo tayari umeajiriwa na nyumba ya wazee, au tayari umepewa ahadi ya kuajiriwa nayo, hutakiwi kutozwa chochote. Karo hulipi, kitabu hulipi, ada ya mtihani hulipi. Soma tena maneno "siku unayoanza mafunzo". Mtu anayeanza darasa Jumatatu na kupata ahadi ya kazi Jumatano hayumo kwenye kinga hiyo. Aliyepata ahadi Ijumaa na kuanza darasa Jumatatu yumo. Mpangilio wa hatua zako ndio unaoamua kama utalipa au hutalipa.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kinyume na desturi yetu. Sisi tumezoea kwamba mtu husoma kwanza, hupata cheti, kisha huzunguka na bahasha akitafuta kazi. Hapa, kwa kazi hii, omba kazi kwanza. Andika orodha ya nyumba za wazee unazoweza kufika kwa basi. Tovuti ya Medicare inazo zote zenye mkataba na Medicare au Medicaid, na karibu kila moja imepewa nyota kuanzia 1 hadi 5. Zipigie simu, au bora zaidi nenda mwenyewe ukiwa nadhifu, omba kuonana na anayeajiri, na uulize maswali mawili tu: je, mnaajiri watu wasio na cheti na kuwapeleka darasani? Je, darasa lijalo linaanza lini? Usianze kwa kueleza maisha yako. Nyumba hizi zina uhaba wa wafanyakazi mwaka hadi mwaka, na mtu anayeishi karibu, anayeweza kufanya shifti ya jioni na asiye na tatizo na wikendi, anasikilizwa.

Ukikubaliwa, omba ahadi hiyo kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili yenye tarehe. Kisha usome mkataba wowote unaowekewa mbele kabla ya kutia saini. Kuna waajiri wanaoweka sharti kwamba ukiondoka kabla ya muda fulani utarudisha gharama za mafunzo. Kwa nyumba zinazofungwa na kanuni niliyoieleza, sharti la namna hiyo kwa mtu aliyekuwa na ahadi ya kazi tangu mwanzo linapaswa kutiliwa shaka. Usigombane na mtu dirishani. Chukua nakala, umpelekee mwanasheria wa msaada wa bure; kila jimbo lina ofisi za aina hiyo.

Nyumba nyingine zitakwambia kwamba hazina darasa lao. Inawezekana ni kweli, tena kuna sababu ya kisheria: nyumba iliyokutwa na makosa makubwa ya huduma hunyang'anywa ruhusa ya kuendesha mafunzo kwa miaka 2. Lakini kukosa darasa la ndani hakuizuii kukulipia darasa la nje. Uliza. Na kama imepoteza ruhusa kwa sababu ya makosa, tazama nyota zake kwa makini, maana mahali ambapo wazee hawatunzwi vizuri mwanafunzi mpya hujifunza mabaya mapema.

Je, wewe uliyekwisha kulipa? Hujachelewa. Kanuni hiyohiyo inasema kwamba mtu aliyelipa mwenyewe, akaajiriwa na nyumba ya wazee ndani ya miezi 12 tangu amalize mafunzo, anastahili kurudishiwa gharama zake, kidogo kidogo kadiri anavyoendelea na kazi. Utaratibu unatofautiana: kwingine unadai kupitia kwa mwajiri, kwingine kupitia ofisi ya jimbo. Utatakiwa kuonyesha risiti za karo, kitabu na mtihani, pamoja na cheti cha kumaliza. Kwa hiyo mama aliyelipa dola 950 Machi, akamaliza Mei na kuanza kazi Septemba, aingie ofisi ya rasilimali watu wiki yake ya kwanza akiwa na risiti mkononi, aseme kwamba anaomba kurudishiwa gharama za mafunzo ya CNA. Asiposema, inawezekana kabisa hakuna atakayemkumbusha. Pesa za namna hii hupotea kwa sababu ya haya tu, na haya yetu ninayaheshimu, ila hapa hayana faida.

Kinga hii ni ya nyumba za wazee zenye mkataba na Medicare au Medicaid. Hospitali hazifungwi nayo, ingawa hospitali kadhaa kubwa huendesha madarasa ya bure kwa hiari yao. Wakala wa huduma za nyumbani hawafungwi nayo pia. Wao wana cheti chao cha mhudumu wa afya wa nyumbani, nacho kwa sheria ya shirikisho ni saa 75, lakini kwa anayeutaka unesi ninakiweka nyuma ya CNA, kwa sababu vyuo vya unesi vinavyodai cheti kabla ya kukupokea, au vinavyotoa alama za ziada kwa mwenye nacho, kwa kawaida hutaja CNA. Vyeti vya kutoa damu, vya kupima moyo kwa mashine, vya usaidizi wa ofisi ya daktari, vyote vina kazi yake, ila havina sheria inayombana mtu mwingine akulipie, na bei zake hupanda upendavyo moyo wa mwenye shule.

Kama nyumba za wazee za eneo lako hazikukupokea, mlango wa pili ni American Job Center, ofisi za umma za kusaidia watu kupata kazi. Zinatumia pesa za WIOA, sheria ya shirikisho ya mafunzo ya kazi, iliyotiwa saini na Rais Obama Julai 2014, na zinaweza kumlipia karo mtu mwenye kipato kidogo au aliyepoteza kazi, mradi shule iwe kwenye orodha ya jimbo ya watoa mafunzo waliokubaliwa. Mkimbizi, mwenye green card na mwenye kibali cha kazi wote huhudumiwa. Vijana wa kiume nawaomba wasikie jambo moja: kabla ya kupata pesa hizo lazima uwe umejiandikisha Selective Service, rejista ya wanaoweza kuitwa jeshini, ambayo kila mwanamume aliyehamia nchini akiwa na umri wa miaka 18 hadi 25 anatakiwa kujiandikisha. Kujiandikisha si kwenda jeshini. Aliyeacha kwa hofu ya vita alivyovikimbia anajikuta amejifungia misaada bila kujua, na akishafikisha miaka 26 hawezi tena kuandikishwa.

Waliokuja kwa ukimbizi wana mlango wao pia. Shirika lililokupokea linaweza kukusaidia katika mambo ya kazi na mafunzo hadi miaka 5 tangu ulipowasili, ingawa wengi hudhani msaada uliisha na ile miezi 3 ya mwanzo. Na mzazi mwenye mtoto sekondari aulize shuleni kwake: wilaya nyingi zina masomo ya ufundi ya afya, na mwanafunzi humaliza darasa la 12 akiwa na CNA bila mzazi kutoa senti.

Chuo cha jamii, kile cha miaka 2, mara nyingi hufundisha CNA kwa bei nafuu kuliko shule ya binafsi, nawe unapata faida ya kuzoea jengo ambalo kesho utasomea unesi. Tatizo limekuwa kwamba ruzuku ya Pell, msaada mkuu wa serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, haikugusa kozi fupi kiasi hiki. Sheria mpya ya mwaka 2025 inaifungua Pell kwa kozi fupi kuanzia Julai 2026, lakini zile za saa 150 na kuendelea. CNA ya saa 75 au 100 inabaki nje. Usikubali kuambiwa vingine na mtu anayetaka saini yako.

Hapo tunafika kwa matapeli. Shule yoyote inayokuahidi cheti cha CNA kwa mtandao peke yake inakuuzia karatasi. Nadharia unaweza kuisomea nyumbani, na kozi nyingi nzuri huchanganya hivyo, ila zile saa 16 za vitendo hazina njia ya mkato. Tafuta orodha ya programu zilizoidhinishwa kwenye ukurasa wa rejista ya jimbo, iwe chini ya idara ya afya au bodi ya wauguzi. Shule isipokuwa humo, hutaruhusiwa kufanya mtihani, hata kama mwenye shule ni mzee wa kanisa lenu.

Gharama nyingine ndogo ndogo zinaweza kukushtua: alama za vidole, chanjo ya homa ya ini, viatu, sare, kipimo cha kifua kikuu. Kwenye kipimo hicho nataka tusimame kidogo. Wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni. Kile kipimo cha kudungwa chini ya ngozi ya mkono kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo ile, ukaonekana una maambukizi usiyo nayo, kisha ukaanza kuzungushwa na picha za kifua huku darasa likikupita. Mamlaka za afya za Marekani zinapendekeza kipimo cha damu kwa aliyechanjwa BCG. Sema mapema, kabla hujadungwa: "Nilichanjwa BCG, naomba kipimo cha damu." Na kama kipimo cha damu nacho kitaonyesha maambukizi yaliyolala, si aibu na si mwisho wa safari. Utapigwa picha, utapewa dawa, na kazi utafanya.

Mtihani una sehemu mbili. Sehemu ya maswali, una haki ya kuomba usomewe kwa sauti badala ya kuyasoma mwenyewe, na kwa anayesikia Kiingereza vizuri kuliko anavyokisoma nafasi hiyo ni kubwa. Sehemu ya vitendo ndiyo inayoangusha watu, na haiwaangushi kwa mambo magumu. Tazama kunawa mikono, kitendo kinachopimwa karibu kila mahali. Unafungua maji, unalowanisha viganja na vifundo, unapaka sabuni, unasugua angalau sekunde 20 ukiwa umeelekeza ncha za vidole chini, mikono ikiwa chini ya viwiko. Unasafisha kucha kwa kuzisugua kiganjani. Unasuuza kuanzia kifundoni kwenda vidoleni, unakausha kwa karatasi safi, kisha unachukua karatasi nyingine kavu na kufungia bomba kwa hiyo. Ukigusa sinki kwa ndani, unaanza upya. Ukifunga bomba kwa mkono uliokwisha kusafishwa, umefeli kitendo hicho. Aliyelelewa kwa kunawa kwa birika na beseni hana mazoea ya bomba hilo, na dawa yake ni kurudia nyumbani mpaka mwili ukumbuke wenyewe.

Mengine ni adabu iliyogeuzwa kuwa alama. Bisha hodi. Taja jina lako. Mweleze mgonjwa unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Vuta pazia. Kama upande mmoja umepooza, mvishe mkono mgonjwa kwanza, na ukimvua uutoe mwisho. Kabla ya kuondoka, shusha kitanda na uache kitufe cha kuitia msaada mahali mkono wake unafika. Mwite kwa jina analotaka kuitwa. Kwetu kumwita mzee bibi au babu ni heshima, lakini kwenye nyumba za wazee za Marekani huhesabiwa kuwa umemshusha. Ukishindwa mara ya kwanza, kanuni inakupa nafasi zisizopungua 3.

Na sasa nawageukia walio karibu zaidi na unesi. Kama tayari umepokelewa chuo cha unesi, usilipie darasa la CNA kabla ya kuuliza rejista ya jimbo lako, kwa sababu majimbo mengi humruhusu mwanafunzi wa unesi aliyemaliza somo la misingi ya uuguzi kwenda moja kwa moja kwenye mtihani. Majimbo kadhaa humpa nafasi hiyo hata nesi aliyesomea nje ya nchi. Ewe uliyekuwa nesi Bukavu au Nakuru, usikubali kukalishwa darasani kufundishwa upya kupima mapigo ya moyo kwa pesa zako mwenyewe. Fanya mtihani, pata kazi, na wakati huohuo tuma vyeti vyako vya nyumbani vikatathminiwe kwa ajili ya leseni ya RN.

Kwa mwanafunzi wa kimataifa mwenye viza ya F-1 hali ni tofauti, na kwa kuwa nampenda sitamficha. Darasa anaweza kusoma, ila kazi nje ya chuo bila idhini ya uhamiaji itamharibia hadhi yake, kwa hiyo njia ya kulipiwa na mwajiri haimhusu hadi apate idhini hiyo. Aulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwake kabla ya kumsikiliza rafiki yeyote.

Nimewaona wengi wakiingia CNA kwa mwaka 1 na kubaki miaka 15, si kwa uvivu, bali kwa shifti za ziada, kodi ya nyumba na pesa za kutuma nyumbani. Saa zako za CNA hazipunguzi hata siku moja ya chuo cha unesi. Kwa hiyo muhula uleule unaoanza kazi, jiandikishe somo moja la awali kwenye chuo cha jamii: anatomia, au Kiingereza kama ndicho kinachokukwamisha. Somo moja tu. Omba shifti za wikendi ili siku za darasa zibaki huru, na uulize kama mwajiri ana mpango wa kusaidia karo, maana nyumba na hospitali nyingi zinao.

Ukifika chuo cha unesi na kuamua kupumzika kazi, kumbuka jambo moja. Cheti cha CNA hufa ikiwa umekaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi ya kulipwa. Kumtunza mama mkwe nyumbani bila mshahara hakuhesabiwi. Majimbo mengi hukubali hata shifti moja ya saa 8 ndani ya muda huo. Ifanye, uhifadhi karatasi ya malipo, na uhuishe jina lako kwenye rejista kabla muda haujaisha.